Nitakuwa Kiti Chako

Kata yetu ilizaliwa mwaka 1995 na ikafa mwaka 2000. Waliopata kukikalia kiti chake ni wawili tu, mume na mke. Au ni mmoja tu. Inategemea unamwuliza nani. Ukimwuliza Lerato, binti yao, atakwambia hataki kuzungumza. Ukiniuliza mimi, kaa chini, maana nimechoka kuwasikia watu wa Alexandra wakiisimulia habari ya shoga yangu Paskalia kama kichekesho, eti diwani wa kike aliyekuwa akisafisha koo kama mwanamume.

Mimi naitwa Duni. Kwetu ni Makunduchi, Unguja. Johannesburg nililetwa na mume wangu mwaka 1994, mmoja wa wale wapigania uhuru waliokaa kambini Tanzania miaka mingi. Kabla mwaka haujaisha akanionyesha mke wake wa zamani, aliyekuwa amemngoja muda wote ule. Nikamwambia ahsante kwa safari. Nikachukua cherehani yangu, nikapanga chumba katika ua mmoja wa Alexandra, karibu na mto, na kila asubuhi nikawa napanda teksi kwenda mjini kushona. Kurudi kwetu mikono mitupu sikutaka. Watu wa kwetu nawajua, wangepata la kusema mpaka Idi.

Katika ua ule ndiko nilikomkuta Paskalia. Mluguru wa Morogoro, Mkatoliki, mfupi, na mikono isiyojua kutulia. Alikuwa akikaanga maandazi ambayo wenyeji huyaita magwinya, na foleni ya wafanyakazi ilifika mpaka getini. Ukimwacha mumewe na binti yake, sisi wawili tu ndio tuliosema Kiswahili uani, kwa hiyo hatukuwa na budi kupendana. Yeye alisema Kiswahili changu kina maringo. Mimi nilisema chake kimepikwa bila chumvi.

Mumewe, Thabo, alikuwa mzaliwa wa pale pale Alexandra. Aliondoka kijana, akaishia Mazimbu, kambi ya wapigania uhuru wenzake nje kidogo ya Morogoro, akawa seremala. Alikuwa na kigugumizi, tena si cha mchezo. Kilimbana zaidi kwenye herufi P, na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamtafutia mke anayeitwa Paskalia.

Siku ya harusi yao, Paskalia alinisimulia, padri alimtaka bwana harusi aseme, "Mimi Thabo nakuoa wewe Paskalia." Thabo akafika kwenye jina, akakwama. "Pa... Pa..." Watu kanisani wakaanza kuguna, msichana mmoja akacheka, padri akafungua kinywa ili amsaidie. Bibi harusi akainua kidole, shela usoni.

"Msimkatize," akasema. "Ndiyo kwanza ameanza."

Wakangoja kanisa zima mpaka jina likatoka. "Bi Duni," aliniambia, "wanawake wengine huitwa tu, kama kuku. Mimi jina langu kila likifika najua limetoka mbali." Nilimcheka, lakini usiku ule nililala na wivu. Mume wangu mimi alikuwa akilitamka jina langu vizuri kabisa, na akaniacha vizuri kabisa.

Mwaka 1995 ukaja uchaguzi wa madiwani, wa kwanza ambamo watu weusi wa mji huu walipiga kura. Ikachorwa mipaka, na kata yetu ikapata umbo la ajabu. Upande wa huku palikuwa na vibanda vya mabati mpaka ukingoni mwa mto. Upande wa pili wa barabara kuu palikuwa na nyumba zenye mabwawa ya kuogelea na mbwa walioshiba. Aliyeuchora mpaka ule sijui alikuwa amekula nini. Katika tawi la chama walikuwapo watu wawili waliotaka kiti na kila mmoja alikuwa na maadui wake. Thabo hakuwa na adui, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi ya kumuudhi mtu. Wakamsimamisha yeye, akashinda.

Siku ya kushukuru wapiga kura tulijaa ukumbi wa kanisa. Mimi na Paskalia tulikaa mbele, tumeshikana mikono, tunamwombea asiaibike. Thabo alisimama. Akasafisha koo, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Halafu akasema.

Maneno yalitoka kama maji ya bomba, bila kokoto hata moja. Kizulu, Kisepedi, Kiingereza. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, tulivu, sauti ya mtu asiyewahi kuharakishwa. Watu walilia. Wazee waliinua mikono wakisema nchi imepona na ulimi wa Thabo umepona. Nikamgeukia Paskalia nimpongeze. Yeye hakuwa akilia. Alikuwa ameukaza mkono wangu mpaka pete ikaniumiza.

"Bi Duni," akasema, "huyo nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Lakini nyumbani Thabo aliivua ile sauti mlangoni pamoja na koti. Akishaingia ndani alikuwa Thabo wetu tena, wa "Pa... Pa..." na kutokwa jasho kwa ajili ya kuomba chai. Niliwahi kumwuliza mbele ya mkewe, maana mimi sina haya, "Shemeji, kigugumizi unakiacha wapi ukienda mkutanoni?" Akaniangalia kwa macho ya uchovu.

"Si... si mimi, Duni. Mimi na... nafungua mdomo tu. Ya... yanakuja yenyewe."

Akazidi kukonda. Kata ikanawiri, mabomba yakaletwa, taa za barabarani zikawaka, na Thabo akawa suruali inayotembea. Majira ya baridi ya mwaka 1997 akaanguka, akapelekwa hospitali. Paskalia alikaa kando ya kitanda amemshika mkono. Jioni moja Thabo alifumbua macho, akamtazama, akakunja midomo kwa nguvu zake zote.

"Pa..." akasema.

Paskalia akangoja. Hakuinua hata mkono kumfuta jasho, asije akamkatiza. Alingoja hivyo mpaka nesi alipokuja akavuta shuka.

"Amekufa katikati ya jina langu," aliniambia aliporudi uani. Tangu siku hiyo, nataka ulijue hili, Paskalia hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kusikia nusu ile iliyobaki.

Huku mazishi hungoja Jumamosi, na kabla hatujazika akaja Jeremia, katibu wa tawi. Huyu alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa, mwenye sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Alikaa mbele ya mfiwa na kumweleza kwa Kizulu cha polepole kwamba kiti cha marehemu sasa ki wazi, utaitishwa uchaguzi mdogo, na watu hawatamchagua mwingine ila mjane. Kiti hakifai kulala tupu, alisema. Paskalia alikuwa na kitambulisho cha kijani cha uraia, hakuna kilichozuia.

"Bi Duni, unasikia?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Wananipa kiti chake."

"Umefiwa juzi. Waambie wangoje."

"Kwani mimi nafanya nini siku zote? Nangoja."

Jumamosi asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, tulipita mmoja mmoja kumuaga Thabo. Nilikuwa nyuma ya Paskalia, na huyu mtu wa bara, asiyejua pwani kuna nini, akainama masikioni mwa mumewe akasema kwa Kiswahili, waziwazi:

"Thabo, usiwe na wasiwasi. Nitakuwa kiti chako."

Nywele zilinisimama chini ya mtandio. Ngoja nieleze kwa nini.

Kwetu kiti si kitu cha miguu minne tu. Mtu anayepandwa na pepo ndiye huitwa kiti. Pepo humkalia, husema kwa kinywa chake, huomba vyake, kisha huondoka akamwacha amelowa jasho. Bibi yangu, Bi Masika, alikuwa kiti. Tangu nina akili nilimwona akisemewa na bwana mmoja asiyeonekana, mwenye lugha zake. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kumwuliza mambo, naye, yaani huyo bwana, akawajibu. Kilichonitisha mimi mtoto hakikuwa yule bwana. Ni kwamba kila mwaka bibi alibaki na maneno machache zaidi ya kwake. Mwishoni alikuwa mbele ya chungu jikoni, anataka chumvi, na hajui kuiomba. Bwana wake alijua kila kitu. Yeye hakujua chumvi. Na maneno ambayo mtu husema siku anapokubali kupandwa ni hayo hayo aliyoyasema Paskalia, neno kwa neno.

Tulipotoka nje nilimvuta kando. "Ungesema 'nitakikalia kiti chako'."

"Si ni yale yale?"

"Si yale yale hata kidogo. Umemwambia akukalie wewe."

Akanitazama, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Nyinyi watu wa pwani mna majini hata kwenye fenicha."

Basi tukazika.

Akachaguliwa kwa kura nyingi mno. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa Jumapili baada ya misa, ukumbi ule ule, jua limejaa madirishani. Paskalia alivaa nguo nyeusi za ujane kama desturi ya huku inavyotaka. Kisepedi hakukijua, Kizulu chake kilikuwa cha kuuzia magwinya. Nilikwisha kumwandalia maneno mafupi ya kushukuru na kukaa chini.

Mzee mmoja akasimama nyuma kabisa, akauliza jambo kwa Kisepedi, juu ya ukuta wa mto nadhani. Paskalia akainuka. Akafungua kinywa. Halafu akasafisha koo, polepole.

Sauti ilikuwa ya kwake, ya mwanamke, lakini ilikuwa imeshushwa chini, na mwendo wake ulikuwa ule ule, mtulivu, usioharakishwa. Alijibu kwa Kisepedi safi. Alijibu kwa kirefu. Na katikati ya jibu akamwita yule mzee kwa jina fulani ambalo sikuwahi kulisikia, na mzee akakaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu. Baadaye alituambia lilikuwa jina lake la utotoni, la uwanjani, enzi yeye na Thabo wakicheza mpira wa matambara. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Lerato, ambaye alikuwa msichana wa sekondari, alinyanyuka akatoka nje bila kuangalia nyuma. Nilimfuata nikamkuta ameshika ukuta.

"Eish, mama mdogo," akaniambia, "yule si mama."

Uani Paskalia alikuwa anang'aa. Amelowa jasho, midomo imekauka, lakini anang'aa.

"Yuko, Duni! Nimemsikia ndani yangu, kama mtu anayesema chumba cha pili. Hakwenda mbali. Siku moja atanimalizia jina langu."

Ningemwambia nini? Wewe ungemwambia nini? Mtu amefiwa, amempata mumewe japo kwa kinywa chake mwenyewe, uende ukamnyang'anye?

Ikawa hivyo, mwaka ukazaa mwaka. Sisemi hakufanya kazi. Vyoo vilijengwa, umeme ukafika mabondeni, matajiri wa upande wa mabwawa walikuja kumsikiliza na wakaondoka wakitikisa vichwa kwa heshima. Kwetu Zanzibar mtu anayechaguliwa kuingia Baraza huitwa mwakilishi, na mimi pale nyuma ya ukumbi nilikuwa nikijiuliza nani hasa anawakilishwa hapa na nani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kata yetu ilikuwa kinyume. Aliyekuwa hayupo ndiye mambo yake yalikuwa yakienda, na aliyekuwapo alikuwa akiisha.

Kwa sababu alikuwa akiisha. Alikonda. Akiwa nyumbani alinong'ona tu, koo limekwaruzika. Makaburini hakwenda tena. "Nikafuate nini kule," alisema, "na mtu yuko hapa?" Kila mkutano ile sauti ilitaja majina, ya vikongwe, ya watoto, ya mbwa nadhani, na kila mara Paskalia alirudi uani akakaa juu ya ndoo akasema, "Leo hakunitaja." Kisha akajifariji mwenyewe: "Kigugumizi. Unajua P inavyomsumbua."

Siku moja nilikuwa namsaidia kukanda unga. Akanyoosha mkono kuelekea rafuni, akasita. Alitazama kikopo kimoja kwa muda mrefu. Midomo ikacheza. Mwisho akakiomba kwa neno la Kisepedi, kwa ile sauti nzito, bila hata kushtuka.

Kilikuwa kikopo cha chumvi.

Niliogopa, nawaambia kweli. Nilitoka nje nikasimama kando ya bomba. Nilimwona bibi yangu.

Mwaka 2000 serikali ikaunganisha mji mzima na mipaka ikachorwa upya. Kata yetu ikafutwa. Ilikatwa vipande, mabwawa yakaenda kwingine, vibanda vikagawanywa, na jina lake likabaki kwenye mabango yaliyopauka. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nilisema kiti kikivunjwa, mkaaji ataondoka. Lakini Jeremia alikuja na viatu vyake, akamweleza Paskalia kwamba kuna kata mpya, kubwa kuliko ile, na tawi linamtaka yeye. Jumapili ijayo kutakuwa na mkutano wa mwisho wa kata ya zamani. Atoe jibu baada ya hapo.

"Jibu ninalo," Paskalia akanong'ona. "Nitasimama."

Jeremia alipoondoka nilimshika mabega. Yalikuwa mifupa mitupu. "Mama Lerato, ukiingia tena hutatoka. Unakuwa kama bibi yangu. Hujui tena kuomba chumvi."

"Hajamaliza, Duni. Nikimwachia kiti mtu mwingine, nitamsikia wapi?" Akaanza kulia, bila sauti. "Nusu tu. Mimi nataka nusu tu iliyobaki."

Hapo ndipo nilipoamua. Kwetu pepo haachwi tu akae kama mpangaji asiye na mwenyewe. Huulizwa. Anapokuwa kichwani, kiti kikiwa cha moto, mtu humkabili na kumwuliza: wewe nani, unataka nini? Kinga dhidi yake ndiyo hiyo, kwamba akiulizwa lazima ajibu. Miaka mitatu mimi nilikuwa nimeona aibu kuuliza, eti kwa sababu alikuwa shemeji yangu.

Mkutano wa mwisho uliisha mchana. Sauti ilisema vizuri kuliko siku zote, watu wakaimba, wakaanza kutoka na kuburuta mabenchi. Kabla Paskalia hajarejea kuwa yeye mwenyewe nilimshika mkono, nikamwingiza katika chumba kidogo cha nyuma wanachowekea vyombo vya kanisa, nikafunga mlango. Jua lilikuwa likiingia juu ya mishumaa na vitabu vya nyimbo. Nje Jeremia alikuwa akizungumza na mtu, sauti yake nyembamba ikipenya ukutani.

Paskalia alisimama wima. Macho yake yalinitazama kwa upole, na hayakuwa yananijua.

"Wewe nani?" nikamwuliza.

Akajibu kwa Kisepedi.

"Kwa Kiswahili," nikasema. Ukali ninao wa kuzaliwa. "Kiti ulichokalia ni cha Kiswahili."

Akasafisha koo. "Mimi ni mumewe," ikasema ile sauti, kwa Kiswahili fasaha kuliko changu, chenye kila irabu mahali pake.

"Mumewe angemwita kwa jina lake. Miaka yote hii hujamwita. Mwite."

Nikaona kitu kinapita usoni mwa Paskalia, kutoka ndani, kama mtu anayekimbilia mlangoni kwa kusikia hodi. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa ameacha hata kupumua.

"Paskalia," ikasema sauti.

Lilitoka lote. Lilitoka laini, zito, limenyooka, bila kukwama popote.

"Paskalia mpenzi wangu," ikaendelea. "Tukae."

Mikono yake ikapanda ikaziba mdomo wake mwenyewe. Alirudi nyuma mpaka akagonga kabati, vikombe vikalia. Nilipomfikia macho yalikuwa yake, makubwa, ya Morogoro.

"Duni." Ilikuwa sauti yake, iliyokwaruzika, nyembamba, ile ya kuitia wateja, "magwinya ya moto". "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Amelitaja."

"Amelitaja, ndiyo."

"Amelitaja lote. Kwa mara moja." Akanitazama kama mtoto aliyepotezwa sokoni. "Thabo hakuwahi. Hata siku moja. Duni, nani huyo aliyekuwa ndani yangu?"

Sikujua, na mpaka leo sijui. Nilimkumbuka Thabo na jasho lake akiniambia si yeye. Alituambia kweli, maskini, na sisi tukampigia makofi mpaka akafa.

Paskalia alilia pale sakafuni mpaka mtandio wangu ukalowa. Halafu akajifuta, akafungua mlango. Jeremia alikuwa anangoja, tabasamu tayari.

"Hapana," Paskalia akamwambia kwa kile Kizulu chake kibovu cha magwinya, nami nikamshukuru Mungu kukisikia. "Sisimami. Na wewe usisimame, Jeremia. Nakusihi. Kiti kile usikitake."

Jeremia akacheka kicheko chake cha birika. Alikuwa akikitaka tangu 1995, kila mtu alijua.

Alishinda mwezi wa Desemba. Siku chache baadaye tulikuwa jikoni, mafuta yamepata moto, gari la vipaza sauti likawa linapita mtaani kushukuru wapiga kura. Tuliisikia ile sauti kwa mbali. Kwanza ikasafisha koo, polepole. Kisha ikasema, Kizulu, Kisepedi, nzito, tulivu, isiyoharakishwa, na watoto waliokimbia nyuma ya gari walikuwa wanaita, "Jeremia! Jeremia!"

Gari lilipofika kwenye geti letu likapunguza mwendo.

"Mama Lerato," ikasema sauti kwa Kiswahili, mtaa mzima ukasikia. "Hujambo?"

Jeremia Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Kijiko kiliniponyoka. Paskalia hakuinua macho. Aligeuza andazi, akaligeuza jingine.

"Hayupo," akajibu, kimya kimya, kwa sufuria.

Gari likasimama kidogo, kisha likaenda zake. Leo ni mwaka 2007, na Jeremia bado anakikalia kiti, au hivyo ndivyo watu wanavyosema. Amekonda sana. Viatu vinampwaya.

Siku ile ile ya gari, Paskalia alizima jiko kabla maandazi hayajaisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaniambia twende makaburini. Tulilipata kaburi kwa shida, majani yamelifunika. Aling'oa majani kwa mikono, akafuta vumbi kwenye jina. Akakaa chini kando yake, miguu ameinyoosha kama yuko barazani kwao Morogoro.

"Thabo," akasema. "Ni mimi. Nisamehe, nilikuwa namsikiliza mtu mwingine. Haya, sema. Nasubiri."

Upepo ulikuwa ukipita kwenye majani makavu. Palikuwa hapana mtu mwingine karibu. Nilingoja, nikangoja, jua likaanza kuchoma, nikafikiri sasa inatosha, nimchukue mwenzangu nyumbani kabla hajaugua. Nikafungua kinywa nimwambie twende.

Paskalia akainua kidole.

"Usimkatize," akasema. "Ndiyo kwanza ameanza."